Jina la Mama Pepinieri

Kule Kibati, mwanamke akizaa mtoto wa kwanza, jina lake la kuzaliwa huwekwa kando kama nguo ya ujana. Akimzaa Olive, anakuwa Mama Olive, sokoni, kanisani, hata mbele ya mumewe. Katungu alifika Kibati akiwa na miaka arobaini na mmoja, na bado aliitwa Katungu.

Alikuwa Mnande, mzaliwa wa kando ya Butembo. Biashara ya maharagwe ndiyo iliyomleta Goma, yeye na mumewe Édouard. Walikaa miaka tisa katika nyumba ya mbao, na miaka yote tisa tumbo lake halikusema neno. Kisha Édouard alipanda lori kwenda Butembo kuleta maharagwe, na maharagwe yakaja bila yeye. Baadaye Katungu alisikia kwamba kule kuna mwanamke anayeitwa Mama Josias, na kwamba Josias ana masikio ya Édouard. Hakulia mbele ya watu. Ila tangu siku hiyo, kila aliposikia mtu akiitwa mama wa fulani, kitu kidogo kilimbana chini ya mbavu, kama uzi uliovutwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Lava ilishuka mpaka mjini, ikafunika nyumba ile ya mbao na kila kilichokuwa ndani yake. Wengine walikimbilia ziwani. Katungu, mambo yalipotulia, alipanda kuelekea kule kule lava ilikotoka, kwa sababu huko ndiko mtu asiye na kitu angeweza kupewa mahali.

Kibati iko kando ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru. Mlima uko juu yake, na msitu wa parke, hifadhi ya serikali, unaanza pale mashamba yanapoishia. Hakuna mto wala chemchemi. Mvua ikinyesha, mwamba huinywa yote, kwa hiyo watu hutandaza maturubai na kuyaongoza maji kwenye mapipa. Anayechelewa kutandaza huomba kwa jirani. Wanawake walikuwa wakienda kutafuta kuni ndani ya parke. Magadi, yaani walinzi wa parke, waliwafukuza na kuwanyang'anya mapanga, na porini kulikuwa na wengine wenye bunduki ambao hawakuishia kwenye mapanga. Siku nyingine mwanamke alirudi bila kuni. Siku nyingine hakurudi.

Katungu alianza na makopo matupu ya nyanya. Alijaza udongo, akapanda mbegu za mikaratusi, akazinywesha kwa kikombe. Mradi wa miti ulipofika na kuuliza nani anajua kulea miche, gadi mmoja wa parke aitwaye Bulonza alionyesha kwa kidole ule mstari wa makopo kando ya mlango wake. Komite ikaundwa: wakulima, magadi, wachoma makala, yaani makaa ya kupikia, na mjumbe wa chefu, mkuu wa eneo. Walikubaliana jambo moja, kwamba kuni na makala vitoke kwenye miti iliyopandwa, na msitu uachwe upumue. Katungu alikabidhiwa pepinieri, yaani kitalu chenyewe, na kibanda chake, na ufunguo wa tangi la maji. Alipewa pia shamba la udongo mzuri, na mwaka 2004 akapanda humo mikaratusi mitupu, mstari kwa mstari, iliyonyooka kama wanafunzi mbele ya bendera.

Siku moja Généreuse, muuza mandazi wa kando ya barabara, alimwambia mtu aliyetafuta miche: "Nenda kwa Mama Pepinieri." Alisema bila kufikiri, mikono yake ikiwa kwenye unga. Kesho yake watu watatu walisema hivyo. Baada ya wiki, Kibati yote.

Katungu alifunga mlango wa nyumba yake akalitamka jina hilo kwa sauti ndogo, peke yake. Mama Pepinieri. Akalitamka tena. Uzi ule chini ya mbavu ulilegea.

Oktoba 2008 vita vilishuka kutoka upande wa Rutshuru. Watu walijaa barabarani na magodoro kichwani, mbuzi, masufuria, wazee juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kama magunia ya makala. Kibati ikawa kambi. Katika watu hao alikuwamo mwanamke mwembamba wa Rugari, amebeba beseni, na nyuma yake wasichana watatu na mtoto mdogo wa kiume. Alisimama kwenye uzio wa pepinieri, akaomba maji ya watoto.

Katungu alifungua tangi akawapa.

"Unaitwa nani?"

"Dancille."

Mwanamke mwingine wa Rugari aliyekuwa akipita alimwita: "Mama Viateur, twende, wanaandika majina." Katungu akawatazama wale watoto.

"Viateur ndiye yupi? Huyu mudogo?"

"Huyu ni Havugimana," alisema Dancille. Alikunywa maji kwanza. "Viateur yuko nyuma. Anakuja."

Katungu hakuuliza tena. Watu wengi siku hizo walikuwa nyuma, wanakuja.

Baada ya wiki Dancille alirudi kuomba kazi ya kunywesha miche, alipwe maharagwe. Katungu alimkubali, na ukweli usifichwe, alimpenda. Walifanya kazi pamoja na kucheka pamoja. Dancille alikuwa na mikono inayosikia. Kona moja ya kitalu kulikuwa na miche ambayo Katungu alikuwa ameikatia tamaa. Dancille aliing'oa, akaiosha mizizi, akaizungushia tope kama mtu anayefinyanga yai, akairudisha kivulini. Mwezi uliofuata kona ile ilikuwa ya kijani kuliko nyingine zote.

"Umeweka nini humo?" Katungu aliuliza, akicheka.

"Tope tu, Mama. Ilikuwa na njaa."

Katungu alicheka bado, lakini jioni ile, akifunga kufuli ya tangi, alijikuta akiitazama kona ile kama mtu anayetazama sahani ya jirani.

Mwaka 2009 barabara ilifunguka na watu wa Rugari wakaanza kurudi kwao. Dancille hakurudi. Alimwomba mjumbe wa chefu kipande cha kupanda miti, na mjumbe akamuuliza Katungu kipande gani kipo. Katungu alitaja kile cha juu ya barabara, mwamba mtupu, lava nyeusi iliyopasuka kama mkate ulioungua. Alijiambia kwamba hakuna kingine. Kilikuwapo kingine.

Dancille aliona mwamba, akashukuru. Alibeba udongo kwa beseni kutoka bondeni, beseni kwa beseni, akautia ndani ya nyufa kiganja kwa kiganja. Hakupanda mstari. Ufa ulipopita ndipo mti ulipopita: hapa karatusi, pale mti wa musave wa kwao, pale kijiti cha mti wa mubirizi alichokata kwenye uzio wa mtu akakichomeka tu, na katikati maharagwe yakitambaa. Katungu alipopita barabarani alisema, "Shamba kama nywele ya mutu aliyeamka sasa hivi." Watu walicheka. Dancille naye alicheka, akajishika kichwa kama anayejichana.

Mwaka 2010 kiangazi kilikuwa kirefu, na funza wakaingia kwenye mikaratusi ya Katungu. Kwa kuwa yote ilikuwa ya aina moja na imesimama bega kwa bega, walipita kutoka mti hadi mti kama habari mbaya. Robo ya shamba ilikauka. Kwa Dancille funza walikula karatusi mbili, wakafika kwenye musave, wakaishia hapo.

Mwaka uliofuata wageni wa mradi walikuja na magari mawili. Katungu alivaa kikwembe chake cha sikukuu, cha bluu chenye samaki wa njano. Aliwaonyesha kitalu, akawapitisha katika mistari yake. Walitikisa vichwa kwa adabu. Kisha mmoja wao, mzee mwenye kofia, aliinua macho akaona pale juu ya barabara, kijani ikitoka ndani ya jiwe.

"Na kule? Hiyo ni kazi ya nani?"

"Ya Mama Pepinieri," alisema Généreuse, aliyekuja na ndoo yake ya mandazi kwa sababu wageni hula.

Katungu alipiga hatua mbele, mkono umenyooshwa, tabasamu tayari usoni. Mzee mwenye kofia alifuata kidevu cha Généreuse, akampita Katungu kando kuelekea nyuma, kwenye miche. Alikuwa amekwisha kuushika mkono wa Dancille.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Katungu aliurudisha mkono wake na kuufuta kwenye samaki wa njano, kana kwamba alikuwa ameunyoosha kwa ajili hiyo.

Wageni walipoondoka alimfuata Généreuse.

"Mama Pepinieri ni nani?"

"Ah, Mama. Ulimi uliteleza kwenye mafuta."

"Umeteleza mara ngapi?"

Généreuse alipanga mandazi yaliyobaki. "Nisikudanganye. Watu wa kambi waliobaki wanamuita hivyo tangu zamani. Anawapa vijiti bure, anawafundisha. Lakini pepinieri ni kubwa. Inaweza kuwa na mama wawili."

"Mutoto hana mama wawili," alisema Katungu.

Tangu siku hiyo alianza jambo ambalo hakuna sheria inayolikataza. Alimwita Dancille kwa jina lake la haki. Alimwita mbele ya watu, kwa sauti ya kufika barabarani. Mama Viateur, lete maji. Mama Viateur, tangi liko wazi. Asante, Mama Viateur. Hakuna ambaye angeweza kusema ametukana. Alikuwa akimpa mwanamke heshima ya uzazi wake. Na kila mara aliona Dancille akisita kidogo, kama mtu aliyekanyaga jiwe dogo ndani ya kiatu, kisha akaendelea na kazi. Kusita kule kulimpendeza Katungu. Alidhani ni kiburi kinachochomwa. Usiku alilala vizuri zaidi siku ambazo alikuwa amemwita mara nyingi.

Pia aliuliza watu, bila kutaka jibu: "Rugari kumetulia miaka miwili. Mwenzetu anangoja nini hapa?"

Katikati ya mwaka 2012 Rugari haikuwa imetulia tena. Vita vilirudi, vikishuka barabara ile ile. Kanyaruchinya, chini kidogo ya Kibati, ikajaa vibanda vya turubai nyeupe mpaka mawe hayakuonekana. Maelfu ya masufuria, na kila sufuria linataka moto. Wanawake wakaanza tena kwenda porini.

Komite ilikutana nje ya kibanda cha pepinieri. Safari hii watu wa kambi walikaa nao kwenye benchi, wanawake wawili na mzee Ntirenganya. Gadi Bulonza alisimama na kofia mkononi.

"Juzi nimewafukuza wamama saba," alisema. "Mimi mwenyewe. Mmoja aliniuliza, muzee, tukale mbichi? Nimefunga mlango miaka kumi. Mlango ukifungwa tu, watu wanatoboa ukuta. Lazima tufungue mwingine."

"Tuna mashamba mawili ya miti," alisema mjumbe wa chefu. "La Mama Pepinieri na la kule juu."

"Tukate moja, lingine lipumzike," alisema mzee Ntirenganya. "Kisha tubadilishe. Kwetu tulifanya hivyo na majani ya ng'ombe."

Wakakubaliana. Likabaki swali moja, nalo mjumbe alilielekeza kwa Katungu kwa sababu yeye ndiye aliyejua miti. "Lipi lianze, Mama?"

Shamba la Katungu lilikuwa na miaka minane. Mashina yake yalijaza mikono miwili ya mtu mzima. La Dancille lilikuwa na miaka mitatu, na miti yake mingi ilikuwa bado myembamba kama mkono wa msichana. Mtu anayejua miti hakuhitaji hata kufikiri.

"Lile la juu," alisema Katungu. "La Mama Viateur. Limekomaa."

Waliamini. Walikuwa wamemwamini miaka minane. Kwa nini wasimwamini siku hiyo? Dancille, aliyekaa mwisho wa benchi, aliinua macho akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama alivyoitazama miche ile ya kona siku ya kwanza. Katungu akageuka, akaanza kutafuta ufunguo ambao alikuwa ameushika.

"Ninaomba jambo moja," Dancille alisema mwishowe. "Tusikate hovyo. Nikate pamoja na wamama wenyewe."

Walikata kwa wiki mbili. Katungu alipanda barabarani kila asubuhi kutazama, akitazamia kuona mtu aliyevunjika. Alimkuta Dancille akimshika mwanamke wa kambi kiwiko, akimwonyesha: kata juu, usawa wa goti, kata kwa mshazari ili mvua isilale juu ya kidonda. Kisha kila aliyekata alichana ukanda mdogo kutoka kwenye pindo la kikwembe chake mwenyewe, akaufunga kwenye shina lililobaki.

"Kwa nini mnafunga?" Katungu aliuliza.

"Ili ulijue lako," alijibu mwanamke wa kambi. "Nimelikata mimi, nitarudi kulitunza mimi. Likitoa machipukizi kumi, ninaacha mawili. Hayo mawili ni kuni za mwaka kesho."

"Mwaka kesho utakuwa wapi, wewe?"

"Sijui, Mama. Lakini shina litakuwa hapa."

Ilipofika Septemba, mvua zikaja. Shamba lililokatwa lilikuwa limebaki visiki vimevaa vitambaa, vyekundu, vya kijani, vya maua, kama watu wafupi waliosimama kungoja misa. Na pembeni ya kila kitambaa, chipukizi. Wanawake walipanda kila Jumamosi kupunguza, wakiimba na kugombana kwa mzaha nani kisiki chake kimezaa vizuri. Katungu alikuwa na shamba zima la miti mirefu iliyosimama, na alimwonea wivu mwanamke mwenye visiki. Alijua ni upumbavu. Kujua hakukusaidia.

Zamu yake ilipokaribia, aliiambia komite kwamba miti yake iachwe, ni ya mbegu. Nayo ikaachwa.

Novemba mabomu yalianza kuanguka karibu. Watu wote waliteremka kwa siku moja, Kibati na Kanyaruchinya pamoja, wimbi moja la vichwa na mizigo hadi Goma. Katungu alikwenda mtaa wa Keshero kwa ndugu za Généreuse, wakalala watu kumi na wanne chumba kimoja, ufunguo wa tangi ukiwa umefungwa kwenye ncha ya kikwembe chake. Usiku mji ulipotekwa na kupata wenyewe wapya, yeye aliwaza miti.

Alirudi katikati ya Desemba. Kutoka barabarani aliona mbingu pale ambapo hakuwahi kuona mbingu.

Shamba lake halikuwa limekatwa tu. Lilikuwa limechimbwa. Visiki vyenyewe vilikuwa vimeng'olewa na kuchomwa makala papo hapo, na palipokuwa na mistari ya mikaratusi kulibaki mistari ya mashimo, imenyooka vile vile. Kule juu ya barabara vitambaa vilikuwa vikipepea.

Mzee Ntirenganya, ambaye miguu yake haikumruhusu kukimbia, ndiye aliyemweleza. Aliketi juu ya jiwe akieleza bila haraka.

"Wachoma makala walipita hapa na majembe. Watu wa njaa kama sisi, si watu wabaya. Kwanza walikwenda kule kwenye vitambaa. Kulikuwa na wamama kama sita waliobaki. Wakawaambia, hili ni langu. Hili la dada yangu. Hili la mwanamke wa Kibumba, ana mutoto mugonjwa, anarudi. Kila shina lilikuwa na mwenyewe. Utachimba shina la mutu anayekutazama? Wakaondoka."

"Na kwangu?"

"Wakauliza ni ya nani. Tukasema ya Mama Pepinieri. Wakauliza yuko wapi. Tukasema amekimbia." Mzee alipapasa fimbo yake. "Ilikuwa ya mutu mumoja, mwanangu. Na huyo mumoja hakuwapo."

Katungu alikaa siku tatu akitazama mashimo. Siku ya nne, asubuhi, alimkuta Dancille shambani mwake. Alikuwa amebeba lile beseni lake la kwanza, lile la Rugari, limejaa udongo, na alikuwa akijaza shimo la kwanza la mstari wa kwanza kwa kiganja.

Wema ule ulimuuma Katungu kuliko mashimo. Angependa Dancille acheke. Sauti yake ilitoka kali, kwa desturi ya mwaka mzima.

"Acha, Mama Viateur. Sikukuomba, Mama Viateur."

Dancille aliweka beseni chini. Safari hii hakuendelea na kazi.

"Niite unavyotaka," alisema. "Niite mukimbizi. Niite mwizi. Lakini hilo jina, Mama, nipunguzie."

"Ni jina lako."

"Ni langu. Viateur alikuwa na miaka kumi na sita. Wenye bunduki walitusimamisha njiani, pale Rugari, siku ile tuliyokuja. Walisema wanataka mutu wa kubeba mizigo mpaka kwenye kona tu. Aliniambia, Mama, tangulia, niko nyuma." Alifuta udongo mikononi, taratibu, kidole kwa kidole. "Nilikuambia ukweli kwenye uzio. Yuko nyuma. Watu waliporudi kwao mimi nilibaki, kwa sababu barabara inapita hapa. Akija atapita hapa. Ndiyo maana nilifurahi uliponipa kile kipande cha juu. Mutu akiwa kule anaona barabara yote."

Katungu aliinua macho kuelekea kile kipande cha juu. Alikumbuka kila mara aliyomwita. Alikumbuka kusita kule, jiwe dogo ndani ya kiatu.

"Watu wa kambi waliponiita Mama Pepinieri," Dancille aliendelea, "nilijua si langu, ni lako. Nilijua unaumia. Lakini niliitika. Ni jina lisiloniuliza mutoto wangu yuko wapi. Nilikuwa nakuonea wivu, Mama. Wewe una jina lisilo na mutu ndani yake."

Katungu aliketi kwenye ukingo wa shimo. Miaka yote alikuwa akijiona maskini kwa jambo hilo hilo.

"Shamba lako halikuwa limekomaa," alisema.

"Najua. Mutu anaujua umri wa alichokinywesha."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Komite ilikuwa inakuamini wewe. Mimi ni mutu wa kuja. Tungegombana mbele yao, wangesimama, kila mumoja angekwenda kwake, na wamama wangerudi porini kesho yake. Niliona afadhali miti yangu. Miti inachipuka."

Chini barabarani chukudu ilipita, ikilia kwa magurudumu yake ya mbao.

"Ninataka shina," alisema Katungu. "Kule kwako. Nifunge kitambaa na mimi."

"Hakuna shina lisilo na mwenyewe," alisema Dancille, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na chembe ya kicheko katika sauti yake. "Umechelewa kutandaza, Mama. Omba kwa jirani."

Kisha alipanda shambani kwake, akakata vijiti viwili vya mubirizi, akakichomeka kimoja kule kule, akashuka na cha pili, kirefu kama mkono, hakina jani hata moja. Akakichomeka katika shimo alilokuwa amelijaza. Katungu aliingia nyumbani akatoka na kikwembe chake cha sikukuu. Alichana pindo, samaki mmoja wa njano na nusu, akaufunga ukanda kwenye kijiti. Généreuse, aliyekuwa amefika na ndoo yake, alitazama kijiti kikavu kilichovaa bluu.

"Nimeona harusi nyingi," alisema, "lakini bwana harusi mwembamba hivi, bado."

Walicheka wote watatu, Katungu akiwa wa mwisho.

Wiki zilizofuata wanawake wa kambi waliorudi walichukua shimo moja moja la Katungu, kila mmoja na kijiti chake au mche wake, karatusi hapa, musave pale, na pindo la kikwembe. Mistari ilibaki, kwa kuwa mashimo yalikuwa kwenye mistari, lakini kilichokuwa ndani yake hakikufanana tena. Ufunguo wa tangi ulichongwa wa pili. Katungu aliupeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa Dancille, na mkono wake ulikawia kidogo kuuachia.

Siku hiyo hiyo mtu alisimama barabarani, akaita: "Mama Pepinieri, miche ipo?"

Wanawake wawili waliinua vichwa. Katungu alihisi uzi ule chini ya mbavu ukivutwa. Alisubiri upite. Haukupita wote.

"Itika, Dancille," alisema. "Anakuita."

Dancille aliitika, akateremka.

Kijiti cha mubirizi kilitoa majani mwanzoni mwa Februari. Katungu alipiga magoti akayahesabu: manne. Kisha alitazama huku na huku, akahakikisha hakuna mtu, akapanda barabarani haraka haraka kwenda kuhesabu majani ya kile kijiti alichokichomeka Dancille shambani kwake siku ile ile.

Yalikuwa sita.